Baada ya Tatu

Wifi yangu ana mdomo wa kubetua. Nikiingia tu alipo, unapinda kushoto, kisha jicho linanipandisha na kunishusha, kichwani hadi kwenye kandambili. Kaka yake, ambaye ni mume wangu, akigeuka anakuta uso umekunjuka kama si yeye. Miaka tisa. Nimelalamika mpaka koo limenikauka.

"Unamsingizia dada'ngu," husema mume wangu. "Mbona mimi sijawahi kuona?"

Basi mimi ni mpiga picha. Kazi imenifundisha kwamba ukihesabu moja, mbili, tatu, watu wanakupa uso wa kuazima. Taa ikishamulika wanaurudisha. Anayetaka kumjua mtu apige ya pili, baada ya tatu, kimyakimya.

Mama mkwe alipotaka picha ya kutundika sebuleni, niliitikia kwa adabu zote. Studio yangu ni chumba kimoja chenye pazia la buluu. Nilimketisha mama kitini, wanawe wawili wakasimama nyuma yake. Nikahesabu. Taa ikamulika, wote wanatabasamu.

"Wifi, leo umependeza," nikasema, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Mdomo ukabetuka. Nikabonyeza. Nilifurahi, sikatai. Hatimaye nilikuwa na ushahidi, na mume wangu angeniomba radhi siku hiyo hiyo.

Walipoondoka niliikuza kwenye kompyuta. Mdomo wa wifi ulikuwa pale, umepinda barabara. Kando yake mume wangu alikuwa amemgeukia, anautazama mdomo ule, anacheka. Kiwiko cha wifi kilikuwa ubavuni mwake, kama watu wanaokumbushana mzaha wao wa siku zote.

Nilikaa nayo muda mrefu. Nililia kidogo, nikanawa uso, kisha nikaichapa kubwa kuliko zote nilizowahi kuchapa na kuitia fremu.

Jumapili niliifungua mbele yao wote. Wifi alitazama sakafu. Mume wangu akakunja uso, akaniangalia kwa jicho la kunimeza.

"Mwanangu," mama mkwe akamuuliza, "hapa mnamcheka nani?"



"Aliyekuwa nyuma ya kamera, Mama," nikasema.

Mama mkwe akaitazama tena picha, akamtazama binti yake, akanitazama mimi.

"Kalete nyundo," akamwambia mwanawe. "Uitundike pale, mkabala na meza ya chakula."

Akaleta. Nikamshikia fremu, nikamwambia ashushe kidogo upande wa kushoto.