Hema la Bibi Stamatia

Jumamosi ya pili ya Julai mwaka 2007, saa tatu asubuhi, Honorata alisimama kwenye kiwanja namba themanini na saba cha kambi ya Greenbelt, Maryland, mkono mmoja sufuria la wali, mkono mwingine chupa ya chai. Mumewe Respicius alikuwa amemaliza kupigilia vigingi na sasa alikuwa anakagua kazi yake kwa kuizunguka, kama walinzi wote wanavyofanya hata wakiwa likizo. Binti yao Edna, wa miaka kumi na mmoja, alikaa juu ya sanduku la barafu akisikiliza muziki wake na kulaani mbu.

Hema lilikuwa la turubai la kijani, zito kweli kweli, na lilinuka naftalini ya kufukuza nondo. Lilikuwa mali ya Bibi Stamatia, Mgiriki wa miaka themanini na nane ambaye Honorata alimwogesha na kumlisha siku tano kwa wiki nyumbani kwa mwanawe kule Sterling. Bibi huyo na mumewe, Mzee Yani, walilima mkonge Morogoro mpaka shamba lilipotaifishwa. Wakarudi kisiwani kwao na hema lao, na kila kiangazi walipiga kambi ufukweni na watoto. Kiswahili chake kilibaki kile cha shambani, amri nyingi na matusi machache, lakini kwa Honorata kilikuwa raha tupu baada ya kutwa nzima ya Kiingereza.

Likizo ya Greenbelt ilichaguliwa kwa sababu ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nyumbani kwao Langley Park. Huu ulikuwa mwaka wa saba faili lao la makaratasi likiwa ofisi ya uhamiaji, na kanuni ilikuwa fupi: mwenye faili akitoka nchini bila ruhusa, faili linakufa. Ruhusa walishaiomba, nayo ilikuwa kwenye foleni yake. Mama yake Honorata, huko Bukoba, alinyimwa viza mara mbili kwa kushindwa kuthibitisha kwamba angerudi kwao, ingawa alimweleza yule wa dirishani habari za migomba yake kwa kirefu. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Huyu mtoto wa jicho anakua kila siku," alisema kwenye simu. "Mtoto wa kumzaa mwenyewe ndiye simuoni." Edna, aliyezaliwa huku, alikuwa hajawahi kumwona bibi yake kabisa.

Respicius alikuwa ameingia hemani mara tatu kutandika mikeka na hakuona ila mikeka. Lakini Honorata alilelewa kutoingia kwa mtu bila kubisha, na hema hilo, hata likisimama Maryland, lilikuwa la mtu.

"Hodi," akaita.

"Karibu," sauti ya mwanaume ikajibu kutoka ndani. "Karibu ndani, mama. Usivue viatu, mchanga una moto."

Akainama, akaingia, akatokea ufukweni. Kule ilikuwa saa kumi jioni, bahari imetulia, mbuzi watano wako juu ya mwamba. Mzee Yani, aliyefariki miaka tisa iliyopita, alikuwa amekaa chini ya mwavuli na singilendi yake, anakula tikiti. Honorata alimsalimia shikamoo, akaitikiwa, akatua sufuria mahali penye kivuli, kisha akarudi nje kuwaita wenzake kabla wali haujapoa.

Respicius alipiga hodi akapita. Edna akasema, "Knock knock," akaingia, akagonga pua kwenye turubai la nyuma.

"Mama, there's nothing in here."

"Piga hodi kama mtu aliyelelewa," Honorata alimwambia.

"Odi."

"Herufi ya kwanza iko wapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Alirudia mara nne kabla hajakaribishwa. Baada ya hapo hakutaka tena kutoka majini. Waliogelea, wakala wali na samaki wa kuchoma wa Mzee Yani, na Honorata akacheka mpaka mbavu zikamuuma, jambo ambalo hakukumbuka mara ya mwisho lilitokea lini. Respicius ndiye aliyesita, kipande cha samaki kikiwa njiani kwenda mdomoni.

"Mama Edna," alisema polepole. "Tumetoka nchini."

Akawakusanya wote na taulo zao, akawatoa, akafunga kamba za hema kwa fundo la mlinzi. Usiku huo walilala garini. Asubuhi mhifadhi wa kambi alipita, akaona mchanga mweupe umemwagika mlangoni, akawakumbusha kwamba kila mgeni hufagia kiwanja chake kabla ya kuondoka.

Jumatatu Honorata alimsimulia Bibi Stamatia huku akimchana nywele.

"Yani yupo?"

"Yupo. Anakula tikiti."

"Hajanawa," bibi alisema kwa uhakika.

"Nikuchukue wikiendi, bibi?"

"Mimi nikienda sirudi, na mwanangu atapata tabu kueleza." Akageuza kichwa kumtazama. "Lakini wewe una mama. Kata kibaraza cha hema, mpelekee. Kitambaa ni kile kile."

Nyumbani, Respicius hakutaka kusikia. Barua ya usaili ilikuwa imefika wiki hiyo hiyo: Septemba kumi na nane, baada ya miaka saba. Alikuwa akilinda jengo lenye kompyuta tupu huko Sterling na alikuwa na muda mwingi wa kusoma kanuni. Siku tatu alibishana na mkewe, na siku mbili alibishana na nafsi yake. Kama hujapanda ndege wala kupita mpaka, je, umetoka? Na kama vigingi vimepigwa kwenye ardhi ya serikali yenyewe, je, si bado umo?

"Tusubiri Septemba, Mama Edna. Miezi miwili tu."

"Macho ya mama hayana foleni, Baba Edna. Yakifunga, yamefunga."

Respicius alikwenda kumtafutia mkasi.

Kibaraza alikibeba Serah, nesi Mkenya wa ghorofa ya pili, ambaye makaratasi yake yalikuwa sawa. "Si hiyo ni kitu light," alisema akikipima kwa mkono. "Nikifika Nairobi naiweka kwa basi ya Bukoba, wataireceive." Mama alipokipata alikifunga kati ya migomba miwili nyuma ya jiko, akasubiri kupigiwa simu.

Jumamosi ya wikiendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya mwanzoni mwa Septemba, Honorata na mwanawe walikuwa wamekaa ufukweni waliposikia hodi ya Kibukoba, ndefu na yenye amri ndani yake.

"Karibu," alisema Mzee Yani, akavaa shati.

Mama yake aliingia na kikapu kichwani na kitenge cha kanisani. Hakuhitaji kubadilisha saa. Ya kule na ya Bukoba ilikuwa moja. Honorata alitaka kusema maneno aliyoyaandaa kwa miaka mingi, yakamkimbia yote, akalia kwa sauti kubwa, nao mbuzi wakageuka kumtazama. Mama akamshika mabega, akamvuta kwenye mwanga, akamchungulia upande upande kupitia ule ukungu wa macho.

"Umenenepa," alisema. "Mungu ni mwema."

Kisha akamwita Edna, akampapasa paji la uso taratibu. "Hili ni la babu yako. Nilidhani limezikwa."

"Bibi, can you see me?" Edna aliuliza, halafu akajisahihisha. "Unaniona?"

"Nakuona. Kingo zako tu sizioni vizuri."

Respicius, wakati huo, alikuwa majini hadi shingoni. Alikuwa na kaptula ya kuogelea tu, na hakuna mkwe wa Kihaya anayemwamkia mama mkwe wake akiwa na kaptula. Alikaa humo karibu saa nzima mpaka mkewe alipomletea suruali nyuma ya mwamba. Akatoka vidole vimekunjamana, akapiga magoti kwenye mchanga, akaamkia kama inavyotakiwa. Mama mkwe akamjibu kwamba amemwona tangu mwanzo ila amependa adabu yake.

Siku tatu walikaa hapo. Kikapuni kulikuwa na ndizi na senene, wale panzi wa kukaanga. Edna alikataa senene asubuhi, jioni akamaliza bakuli. Mama na Mzee Yani walibishana namna ya kukausha samaki na hawakuafikiana. Siku ya mwisho Respicius aliuliza kama mama angeweza kutokea upande wao, Greenbelt, akamwone daktari wa macho.

"Kila mtu hutokea alikoingilia," alisema Mzee Yani. "Nami sikupenda, lakini kanuni hiyo sikuitunga mimi."

Mama alijaribu hata hivyo. Alipita mlango wa kijani, akatokea nyuma ya jiko lake Bukoba, akapiga hodi tena, akarudi kumaliza kuaga.

Septemba kumi na nane Respicius alimsindikiza mkewe, mwenye jina la juu kwenye faili, mpaka mlango wa ofisi. "Hukupanda ndege," alimnong'oneza. "Hukupita mpaka. Jibu ni hapana."

Ofisa alikuwa mwanamke mchovu aliyepiga chapa kwa vidole viwili. Honorata aliinua mkono akaapa. Maswali yalikwenda vizuri mpaka la tisa: tangu alete maombi, amewahi kutoka nje ya nchi?

Hapana lilikuwa tayari ulimini. Lakini kusema hapana ilikuwa ni kusema mkono wa mama yake haukuwahi kugusa paji la Edna, na hilo hakuliweza.

"Ndiyo," alisema. "Ugiriki. Siku nne kwa jumla."

"Kwa ndege?"

"Kwa hema."

Ofisa alitazama orodha yake. Kulikuwa na ndege, meli, gari na miguu. "Uliingia hemani kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Akaweka alama. Akaeleza kwa upole kwamba faili limefungwa siku ile walipoondoka bila ruhusa, kwamba kila kitu kinaanza upya, na kwamba siku hizi foleni ni kati ya miaka saba na tisa. Akampa fomu mpya, akasema faili jipya huanza na tarehe iliyo chini ya saini.

Respicius alizisoma zile kurasa kumi na mbili garini. Hakupandisha sauti. Alipiga usukani mara moja kwa kiganja, akaendesha mpaka Langley Park, na Honorata alijua amemkosea na kuwakosea wote, na bado hakujuta.

Ijumaa jioni Respicius alizungumza. "Kwa sasa hatuna faili?"

"Hatuna."

"Basi hakuna cha kufa." Kibali chake cha kazi kilikuwa hai mpaka Desemba. Akaenda kulitoa hema kabatini.

Walifika kule ufukweni Jumamosi, mama akiwa ametangulia na tayari anabishana na Mzee Yani. Fomu waliijazia juu ya sanduku la barafu, Respicius akizikandamiza kurasa kwa mawe zisipeperuke. Edna alisoma maswali na kuyatafsiri kwa bibi yake moja moja, kwa Kiswahili kilichopinda lakini kinachofika.

"Wanauliza mama wa mwombaji yuko hai."

"Waandikie nipo."

"Anakaa wapi?"

"Bukoba. Hapa niko likizo."

Edna akaandika. Honorata akatia saini ukurasa wa mwisho. Chini ya saini palikuwa na mstari mfupi, na Edna akauwekea kidole.

"Na tarehe?"

Honorata alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinua uso na kuusogeza karibu kabisa na wa Edna, anatafuta kingo zake.

"Tarehe iache kwanza," alisema.