Yordani Kwenye Lango la Tatu

Zamu ya asubuhi ilipotoka kiwandani, Twaha alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha televisheni kwa pindo la shati lake. Banda lake la gemu ni la bati, lipo Manundu, Korogwe, katikati ya fundi baiskeli na mama muuza chipsi. Ndani mna mabenchi mawili, feni inayozunguka ikijisikia, na gemu la mapanga na majini ambalo vijana wa shamba la mkonge walikuwa wamekwama nalo tangu masika. Walikwama lango la tatu. Langoni alisimama bosi, jitu la chuma lenye nyundo, na kila aliyelifikia alikufa.

Mbinu hazikukosekana. Jonathan, dereva wa bodaboda, alisema dawa ya bosi ni subira: unamwacha apige nyundo zake, unabiringika chini ya mkono, unamchoma kisigino, unakimbia. Frank, ambaye ni shoto, alisema subira ni ya waoga, mtu amvamie ubavuni upande wa kushoto kabla hajageuka. Frank alifanya kazi kwenye korona, ile mashine kubwa inayochuna majani ya mkonge hadi zibaki singa, zile nyuzi nyeupe. Twaha hakuwahi kuvuka hata lango la kwanza, kwa hiyo yeye ndiye aliyebisha kuliko wote.

Baada ya mazishi ya Yordani, mwenzake Frank kiwandani, bosi alianza kuburuza mguu wa kulia kama yeye. Frank ndiye aliyeona. Akaona pia kwamba jitu linafuta jasho usoni kwa kiwiko, kama mtu mwenye utomvu wa mkonge viganjani anayeogopa kuwashwa macho.

"Huyu si Yordani?" Frank aliuliza, na kwa kule kugeuza shingo akapigwa nyundo akafa.

"Ndiye," Jonathan akasema. "Basi kisigino kibovu ni cha kulia. Afadhali tumejua."

Twaha aliwaachia vijana banda, akaenda kambi ya wafanyakazi kwa mke wa marehemu. Alimkuta Salome anachambua maharage.

"Pole na msiba, Mama Neema. Mzee yupo bandani kwangu. Lango la tatu."

Salome aliyafunika maharage, akajitanda khanga, wakaongozana.

Yordani alikufa kwenye korona. Nyapara Raymond alisema marehemu alikuwa amelewa, na neno hilo likashika, kwa sababu zamani Yordani alikunywa kweli. Lakini Krismasi iliyopita aliapa mbele ya mkewe, mkono juu ya kichwa cha binti yao, kwamba basi. Salome alimwamini. Sasa hakujua amlilie au amlaani. Alipotaka kulia, hasira ilimkaba. Alipotaka kukasirika, alikumbuka ule mkono juu ya kichwa cha mtoto. Tangu siku ya mazishi alikuwa hajalia sawasawa, na alihisi atapasuka.

Alisimama mbele ya televisheni. "Baba Neema, ulikunywa?"

Bosi akamponda Jonathan.

"Hasemi hivihivi, mama," Jonathan alimweleza huku akianza upya. "Mabosi wa gemu hili husema wakibakiwa na damu kidogo. Ila huyu hatujawahi kumfikisha huko."

Kuanzia hapo Salome alikuja kila jioni. Aliwabembeleza vijana kama mtu anavyombembeleza daktari. Walijaribu kisigino, walijaribu ubavu, walijaribu mishale kutoka juu ya ukuta. Bosi alizidi kuwa mkali. Siku nyingine Salome alishika pedi ya gemu mwenyewe, akafa kwenye daraja la kuelekea langoni kabla hata ya kumwona mumewe, akaanza tena, akafa tena, mpaka vidole gumba vikachubuka. Usiku alimwomba Mungu amsaidie kuvuka daraja. Mama muuza chipsi alimletea chipsi na hakuchukua hela.

Kisha akaja Gregori kuchaji simu. Gregori huanika singa kule shambani, na ni Mnyamwezi, kwa babu aliyeletwa Korogwe kukata mkonge enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba. Alisimama mlangoni akamtazama bosi.

"Mbona amenuna hivi? Kwani nani alimtania?"

Watu wakatazamana. Hakuna aliyemtania. Gari la shamba lilibeba jeneza hadi Misima, kwao Yordani, na dereva alitaka kurudi mapema, kwa hiyo udongo ulishuka haraka. Gregori ndiye aliyekuwa mtani wake, maana Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani, na msibani mtani ana kazi yake. Yeye huvaa suruali ya marehemu na kuigiza mwendo wake, hulala kaburini akagoma kutoka, huitukana maiti hadi wafiwa wacheke. Lakini nyapara alimnyima Gregori ruhusa. Maiti haulizwi sanda, sawa, ila kuzikwa bila mtani ni kufukuzwa.

"Nipe hicho kidude," Gregori akasema.

Alishika pedi juu chini. Hakubonyeza kitu. Alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"We Mzigua mvivu! Umejivika masufuria yote ya mkeo ili unitishe mimi? Mguu wenyewe mbovu, hata kuku unamkimbiza anakusubiri njiani. Uliniazima panga langu, hukurudisha, ukaona bora ufe! Na hiyo nyundo umeiba kwa nani? Tangu lini wewe ukaweza kupigilia msumari?"

Bosi alisimama. Nyundo ikabaki hewani. Mabega ya chuma yakaanza kutikisika, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, hadi jitu likaangusha nyundo na kukaa kwenye kizingiti cha lango likicheka. Jonathan alichukua pedi upesi akilenga kisigino. Salome akamkamata mkono.

"Baba Neema, ulikunywa?"

"Chai," bosi akasema. "Ile ya rangi, uliyonipa na mihogo."

Akaeleza kama mtu anayekabidhi zamu. Majani yalikwama, akazima mashine, akaingiza mkono kuyatoa. Nyapara akaamuru iwashwe, lori linasubiri. Kinga ya chuma ya mashine ilishang'olewa tangu kiangazi, kwa sababu ilichelewesha kulisha majani. Ni hayo tu.

Raymond alikuwa benchi la nyuma, amekuja kununua chipsi na kukwepa jua. Alisikiliza hadi mwisho, akamalizia chipsi zake.

"Ni kweli," alisema. "Lakini taarifa ilishaenda."

Salome alilia. Alilia kwa sauti, khanga mdomoni, na kilio kilitoka chote, hakikukwama popote. Uchungu aliusikia uleule, lakini sasa ulikuwa wa kumlilia mumewe tu. Bosi alimngoja. Alipotulia, Yordani aliinuka, akalisukuma lango likafunguka, akamwambia Gregori kwamba panga lipo uvunguni, akaondoka akiburuza mguu. Twaha akawaambia vijana wapite, lango liko wazi.

Jumatatu Salome, Gregori na Frank walikwenda ofisi ya shamba. Walipewa viti. Bwana wa ofisini aliwasikiliza kwa adabu, akasema ofisi haipokei ushahidi wa televisheni, na nyapara alipoitwa akasema yeye habadilishi alichokwisha kusema. Frank aliuliza kuhusu kinga. Akaambiwa imeagizwa Tanga. Frank akarudi kwenye korona, kwa sababu hakuwa na kazi nyingine na mkewe alikuwa mjamzito.

Vuli ikanyesha. Lango la nne halikuwa na mtu kwa muda mrefu. Vijana walizurura humo wakiokota dhahabu, wakaanza kusema gemu limekuwa rahisi.

Halafu jioni moja bosi alikuwepo. Alishika panga kwa mkono wa kushoto. Jonathan alibiringika aende kisigino, na bosi alishainua mguu. Akamvamia ubavuni kushoto, na bosi alikuwa anamngoja palepale. Jonathan aliweka pedi chini taratibu, akatoka nje, akakaa juu ya pikipiki yake bila kuiwasha.

Loveness, mke wa Frank, aliingia amejifunga khanga ya msiba, tumbo limetangulia. Hakuna aliyemwita, alikuja mwenyewe. Alitazama kioo, akatafuta pa kukaa.

Salome alisogea kwenye benchi, akampa nafasi upande usio na msumari.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Watani wake ni akina nani?"