Corvette ya Njano Kwenye Kilima cha Hautala

Sisi watu wa Keweenaw, rasi ya theluji iliyoingia ziwani, tuna dini tatu: ya Kilutheri, ya sauna ya Jumamosi, na ya kutoingiza gari la mbio barabarani baada ya mwezi wa kumi. Mbili za kwanza nimezishika tangu utotoni. Ya tatu niliivunja siku mia moja ishirini na nane mfululizo, na haya ninayosimulia yalitokea siku ya mia moja ishirini na tisa.

Jina langu Reino Kangas. Miaka thelathini na nne niliendesha lori la kaunti la kusukuma theluji, na theluji niliyoisukuma ingerundikwa mahali pamoja, mwezi ungelazimika kupita kando. Nilipostaafu nikanunua Corvette ya njano kwa mjane mmoja wa Marquette. Nguvu za farasi mia tatu na hamsini chini ya boneti moja, na tumbo la gari liko chini kiasi kwamba ukipita juu ya sarafu unajua imelala upande gani. Mke wangu, Elvi, sikumwuliza.

Elvi aliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, kwa hiyo magari hayamtishi. Aliitazama ile Corvette akiwa mlangoni, mikono kifuani, akarudi ndani kukanda mkate. Desturi ya huku ni kwamba gari la namna hiyo theluji ikikaribia linawekwa gereji, linafunikwa blanketi, na mwenyewe analitembelea kila Jumapili kama mgonjwa mpaka mwezi wa tano. Lakini gereji yetu wakati wa baridi ni ya kuni, na kuni ni za Elvi.

Siku ya tatu akafungua mdomo.

"Sikiliza, mzee. Sitoi kuni zangu nje ili gari lilale. Gari ni la kuendeshwa. Basi utaliendesha kila siku, na kila siku kabla ya saa mbili asubuhi liwe limesimama mbele ya mkahawa wa Sointu. Likikosa siku moja tu, au likivutwa kwa mnyororo mara moja tu, namwita Waino aje alichukue."

Waino ni kaka yake. Anaishi Arizona, kwenye jua, na tangu aone picha ya ile Corvette alikuwa halali vizuri. Nikakubali. Mtu aliyevaa slipa asubuhi hukubali mambo mengi.

Kesho yake Waino akaanza kupiga simu, na hakuacha tena. Kila tukikaa mezani, simu inalia. Hakuwa na salamu. "Shemeji, leo umeanguka mtaroni?" Nikimjibu bado, anasema gereji yake ameshaifagia, ananitakia safari njema.

Theluji ya kwanza ilinikuta na tairi za kiangazi, zile pana zinazong'ata lami kama mbwa. Kwenye baridi zilikuwa ngumu kama kwato. Nilitoka uani kwangu nikiwa nimeelekea kusini, nikafika barabarani nimeelekea kaskazini, na kaskazini sikuwa na kazi. Dale Tervo, aliyerithi lori langu kaunti, alisimama akafungua kioo taratibu ili afaidi. Akaniambia nimevaa viatu vya dansi. Siku hiyohiyo nikafunga tairi za theluji, nikaweka mifuko minne ya mchanga nyuma, na kwa kuwa gari ni fupi kuliko kingo za theluji, nikasimamisha fimbo ya futi kumi yenye kibendera cha rangi ya chungwa ili watu wa njia panda wajue ninakuja. Majira yote yale watu wa mji wa Calumet waliona kibendera kikikimbia peke yake juu ya theluji, kikinguruma.

Na raha yake, ndugu yangu. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, nyuma inataka kupita mbele. Unaizuia kwa usukani, inakubali, halafu inajaribu upande wa pili kuona kama umelala. Maili tisa za kwenda kunywa kahawa nilizokuwa nikizipita nikipiga miayo, sasa nilizimaliza moyo ukiwa mdomoni, na nilipofika kwa Sointu nilikuwa na njaa ya kijana wa miaka ishirini. Mwezi wa kwanza baridi ilikuwa kali hivi kwamba kivuli changu kiliganda ukutani mwa gereji, nikaondoka bila kivuli, nikakipitia jioni. Siku nyingine kulungu dume alikimbia pembeni yangu maili mbili, na mbele ya kanisa akanipita. Nilimwacha apite. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri.

Sointu, mwenye mkahawa, alikuwa shahidi wa Elvi. Kila asubuhi aliangalia dirishani, akaangalia saa, akapiga simu nyumbani kwetu: limefika. Mwezi wa pili ukapita hivyo. Mwezi wa tatu ulipoingia nilianza kutembea kifua mbele, na huko Arizona sauti ya Waino ilianza kupungua uzito.

Ndipo upepo wa ziwa ukavuma siku tatu. Shule zikafungwa. Asubuhi ya tarehe tisa tulitokea dirisha la juu, tukashuka juu ya theluji kama watu wanaoshuka ngazi. Wakati naifukua Corvette, Elvi akaja amevaa buti, beleshi begani, chupa ya kahawa kwapani. Akasema katika nyumba yake hakuna mtu atakayekufa peke yake ndani ya gari la njano, majirani watasemaje. Akapanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na mkanda aliufunga kama anayesaini karatasi asizozisoma.

Saa kumi na mbili na nusu tukaondoka. Dale alikuwa ameshapita na lori, lakini upepo ulikuwa unarudisha theluji nyuma yake kwa bidii ya mtu anayelipwa. Boneti ilikuwa inakata theluji na kuirusha juu ya paa, waipa zinalalamika, mimi naimba. Maili saba na nusu tulienda hivyo. Niliona mguu wa kulia wa Elvi unakanyaga mafuta ambayo hayakuwepo.

Chini ya kilima cha Hautala upepo ulikuwa umejenga tuta la theluji kukata barabara nzima, la kunifika kifuani. Mtu mwingine yeyote angefunga breki. Lakini mguu wangu una kumbukumbu zake. Miaka thelathini na nne ulifundishwa kwamba tuta la theluji hulingoji, unaliendea kwa kasi, tani kumi na nne nyuma yako na jembe la chuma mbele. Mguu ukasahau kwamba lori nililirudisha kaunti. Ukakanyaga.

Corvette iliruka ikakaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai. Tairi zilizunguka hewani. Elvi akasema polepole, "Hilo lori umeliegesha vizuri, mzee."

Ilikuwa saa moja na nusu, na kutoka pale hadi kwa Sointu ni maili moja na nusu, nusu yake ikiwa mlima.

Dale akatokea juu ya kilima, akirudi. Alishuka kwenye lori, akalizunguka gari, akilitazama kama mtu aliye kwenye maonyesho. Mkononi alikuwa na mnyororo. Akasema, kwa upole niliouchukia, "Bosi, nikufunge? Sekunde mbili tu."

Nilimtazama Elvi. Majira yote yale yalikuwa yamening'inia kwenye nusu saa moja, na nilijua kwamba nikiitikia kwa kichwa tu, Corvette itakwenda kuzeeka jangwani chini ya Waino.

"Mnyororo ukigusa gari, napiga simu," Elvi akasema. Halafu akamgeukia Dale. "Wewe, baba, kazi yako ni barabara. Kaisafishe hiyo juu."

Dale akacheka, akapanda, akageuza lori, akaufungua mlima. Nami nikalala kifudifudi nikaanza kufukua tumbo la Corvette. Dakika kumi na mbili sikuinua kichwa. Theluji iliingia kwenye kola ikatokea kwenye buti. Gari lilipoanza kushuka kidogo kidogo juu ya miguu yake, nikamwambia Elvi ahamie kwenye usukani, aweke gia ya pili, aachie klachi kama anaweka mtoto aliyelala. Mimi nikasukuma nyuma. Makubaliano, kwa jinsi nilivyoyaelewa, ni kwamba likishanasuka atasimama nipande.

Likanasuka. Hakusimama.

Sheria ya madereva wa mabasi ya shule ni moja: mlimani, kwenye theluji, anayesimama amekwama. Elvi aliishika miaka ishirini na miwili na watoto hamsini wakipiga kelele nyuma yake, asingeivunja kwa ajili yangu. Nyuma ya gari ilienda kushoto, akaidaka. Ikaenda kulia, akaidaka kabla haijamaliza kufikiri. Halafu injini ikabadilisha sauti, ile sauti ambayo mimi kwa siku mia moja ishirini na nane sikuthubutu kuitafuta kwenye mlima ule, na Corvette ikapanda Hautala ikiwa imelala upande kidogo, pazia la theluji likisimama nyuma yake juu kama nyumba. Nilibaki nimesimama barabarani, mdomo wazi umejaa theluji, nikipiga makofi na glavu.

Dale alirudi akanichukua njiani. Alicheka mpaka alilazimika kuendesha kwa mkono mmoja, wa pili ukifuta macho.

Tulifika saa mbili na dakika saba. Corvette ilikuwa mbele ya mkahawa, inatoa mvuke. Ndani, Elvi alikuwa amezungukwa na wazee wa kahawa, mashavu mekundu, kofia imeenda upande, anaonyesha kwa kijiko na kopo la sukari jinsi alivyokata kona ya mwisho. Mkono wa pili ulishika simu. "Halikukosa, Waino. Saa mbili kasoro nne. Kwenye hiyo gereji yako kaegeshe baiskeli."

Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Elvi akautia mfukoni mwa aproni, ambayo alikuwa bado ameivaa chini ya koti.

"Gari limefika kabla ya saa mbili," akasema. "Dereva wake wa zamani hakufika."

Nilibisha. Nilisema makubaliano yalikuwa ya gari, hayakuwa ya dereva. Sointu akaitisha kura pale pale. Mikono yote ilienda kwa Elvi, na Dale alinyoosha miwili.

Asubuhi ya pili, siku ya mia moja na thelathini, niliketi kiti cha kulia, cha abiria, chupa ya kahawa katikati ya magoti. Jua lilikuwa limetoka, theluji inawaka, barabara nyeupe na tupu mpaka upeo wa macho. Elvi aliingiza gia ya tatu kule ambako mimi huingiza ya pili. Nikamwambia apunguze, kwa sauti ya mtu anayetaka aongeze. Akaongeza.