Makombo ya Mtihani

Nyumba ilikuwa moja, watoto wawili. Baba mkubwa Purushottam hakulizungusha jambo hilo. Alilisema huku anamega idli, mkate laini wa mchele, na kuichovya kwenye chatini ya karanga, katika kibanda cha vitafunio pale Ameerpet, Haiderabadi, na wateja wengine wakisikia.

"Benki haimkopeshi mtoto wa mtu akasome Amerika bila hati ya nyumba. Mimi hati ninayo moja, na siwezi kuiweka rehani mara mbili. Jumapili mna jaribio kwa yule Madam wenu anayewafundisha. Atakayepata alama nyingi za Kiingereza anakwenda. Mwingine anarudi na mimi nyumbani Miryalaguda. Anayetaka kulia alie sasa hivi, nikiwa bado nakula."

Hakulia mtu. Himabindu aliinamia sahani yake. Raghuveer alicheka kidogo, akanyamaza alipoona baba yake hacheki.

Raghuveer alikuwa mtoto wa kuzaa wa Purushottam. Himabindu alikuwa binti wa marehemu mdogo wake, amelelewa humo humo tangu hajaota meno ya pili. Ndugu na jirani walisema mzee amechanganyikiwa: mtu ana mtoto wake wa kiume, vipi anamshindanisha na yatima? Purushottam aliwajibu mara moja tu, na hawakumuuliza tena. "Tofali za nyumba ile nilibeba mimi na baba yake. Mnataka nimwambie binti yake kwamba nilibeba peke yangu?"

Wengine walimwuliza kwa nini asisubiri mtihani wenyewe, ule wa GRE wanaoutaka vyuo vya Amerika kabla hawajamfungulia mtu mlango wa shahada ya pili. Lakini mzee alikuwa mchimba visima. Hajawahi kuliwasha lori lake la kuchimbia mahali ambapo hajapima maji kwanza. Jaribio la Madam Naseem ndilo lilikuwa kipimo chake.

Himabindu alijua anachorudia akishindwa. Khammam kulikuwa na mwuza mbolea, mtu wa heshima, mwenye nyumba yenye vigae na mama mpole, na watu wake walikuwa wanangoja jibu la posa. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtisha Hima kuliko yote: hakuwa na sababu ya kumkataa isipokuwa hiyo safari.

Hesabu wote wawili walizitafuna kama karanga. Kiingereza ndicho kilichowakaba koo. Maneno ya mtihani ule hata Waingereza wenyewe nadhani hawayasemi wakiwa nyumbani kwao. Halafu kuna vifungu vya ufahamu: unapewa habari ndefu ya popo au ya mwanahistoria fulani, unaulizwa mwandishi anafikiri nini, na majibu matano yamekaa hapo yanafanana kama mapacha.

Kila alasiri walikaa kwenye ngazi za jengo la Madam, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, penye upepo kidogo. Kadi ya neno upande mmoja, maana upande wa pili. Walikuwa na namna yao ya kukariri: kila neno walimvika ndugu mmoja wa nyumbani, na neno likishavaa sura ya mtu halitoki.

"Mtu asiyetoa hata kikohozi chake bure," Raghu alisoma.

"Baba mkubwa," Hima akasema, kisha akalitamka neno lenyewe la Kiingereza bila kusita.

"Sawa. Anayesema saa nzima na hajasema kitu?"

"Shangazi Kanakamma." Akalitaja.

"Anayewalamba wakubwa miguu?"

"Wewe, kaka, mbele ya Madam."

"Toka hapa! Taja neno."

Alilitaja. Wakacheka, na watu waliokuwa wanapanda ngazi wakawaruka miguu wakilalamika. Mtu angewaona angesema hawa hawana shida duniani.

Lakini tangu siku ile ya idli, kulikuwa na kitu kimekaa katikati yao kwenye ngazi. Alhamisi ilikuwa zamu ya Hima kuuliza. Akainua kadi yenye neno la mtu mkimya, asiyependa kusema. Raghu akakuna kidevu.

"Huyo ni mwenye majivuno," akasema. "Kama mjomba Sudarshan."

Hima aliitazama kadi. Maana ilikuwa hapo, upande wake, kwa wino mweusi.

"Sawa," akasema, akaiingiza kadi chini ya rundo.

Ilikuwa rahisi hivyo. Raghu hakushuku chochote; aliinama kufunga kamba ya kiatu. Hima alihisi masikio yanamwaka moto, akauliza neno linalofuata kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Sasa, pale Ameerpet kuna biashara moja inayojulikana na kila mtu na haisemwi na yeyote. Mtu akitoka kwenye chumba cha mtihani wa kweli, hata jasho halijamkauka, anakuta vijana wa vituo vya kufundishia wanamngoja kwenye duka la chai. Wanamkalisha, wanamnunulia chai ya maziwa na biskuti za Osmania, kisha wanamwambia: haya, tapika. Anatapika kila anachokikumbuka, maneno, vifungu, mpaka majibu, ingawa saa chache nyuma ameapa kwenye kompyuta kwamba hatasema. Wanafunzi huyaita makombo. Yanapigwa chapa, yanapita mkono kwa mkono, na watu wanayakariri kama dua, maana kifungu kikirudi mtu hana haja ya kukisoma. Anaona mstari wa kwanza, anabonyeza jibu, anasonga mbele na dakika zake mkononi. Na wenye kutunga majaribio, kwa uvivu wao, huchukua humo humo.

Jumamosi mchana Raghu alipanda ngazi akihema, shati limemganda mgongoni.

"Bindu, nimepata makombo mapya. Ya juzi haya, bado yana moshi."

"Umeyapata wapi?"

"Unanunua samaki au unauliza jina la mto? Sikiliza. Kuna kifungu cha ndege. Ndege wa misitu ya baridi, anafukia njugu ardhini. Wataalamu wa zamani walisema anazifukia kisha anasahau, ndiyo maana miti inaota. Akaja mtaalamu mwanamke akasema hapana, ndege hasahau kitu, anafukia nyingi kusudi, akiba ya mwaka mbaya. Swali: mwandishi anamwonaje huyo mama? Jibu la tatu. Anamuunga mkono. Kifungu chenyewe kirefu kama treni ya mizigo, usikisome, utapoteza muda bure. Jibu la tatu."

"Kwa nini unanipa?"

Raghu alimtazama kama ameulizwa kwa nini ana pua. "Nimpe nani sasa, mwuza mbolea?"

Hima akalazimisha tabasamu. Lakini jioni nzima, akiwa kwenye bweni la wasichana, alikuwa anakizungusha kitendo kile kichwani. Nyumba moja, watu wawili, na huyu anakuja mbio juani kumpa mshindani wake jibu? Hakuna mtu anafanya hivyo. Yeye mwenyewe amemwacha mwenziwe aondoke na maana ya uongo, na hata usingizi haukumpungua. Basi na mwenziwe je? Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuwa na hakika: jibu la tatu ni mtego.

Jumapili chumba cha kompyuta kilijaa. Umeme ulikatika kabla hawajaanza, ukarudi, na feni zikaanza kukoroga joto lile lile la Mei. Madam Naseem Sultana alipita katikati ya safu, mwanamke mfupi mwenye miwani mnyororoni na sauti ya kufukuza ng'ombe.

"Simu mezani kwangu. Wewe mwenye shati la mistari, hata hiyo ya mfukoni. Unadhani nilizaliwa jana?"

Raghu alikaa safu ya mbele. Aligeuka, akamwinulia Hima nyusi, kisha akageuka.

Msamiati ulikwenda vizuri. Hima aliwaona ndugu zake wakipita mmoja mmoja kwenye kioo, shangazi, wajomba, na akawabonyeza kila mmoja mahali pake. Halafu sehemu ya ufahamu ikafunguka, na Hima akausoma mstari wa kwanza.

Ndege wa misitu ya baridi.

Saa ilikuwa inakimbia pembeni mwa kioo. Safu ya mbele, mkono wa Raghu ulibonyeza mara moja, akasonga. Kulia kwake msichana mwingine naye akabonyeza, akasonga. Chumba kizima kilikuwa kinabonyeza na kusonga, na Hima peke yake alikuwa amesimama kama gari lililozimika njia panda.

Akibonyeza la tatu, na iwe ni kweli, atapata dakika za kutosha kwa vifungu viwili vilivyobaki. Akikisoma chote, cha mwisho hakitamalizika. Na kama ni mtego, basi Raghu ameketi pale mbele na jibu la kweli, anamngoja aanguke.

Akaanza kusoma.

Alisoma njugu, akasoma wataalamu wa zamani. Akafika kwa yule mama na akiba yake ya mwaka mbaya, na yote yalikuwa kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Hapo nusura abonyeze. Kidole kilikuwa tayari. Lakini zilibaki sentensi chache, akazisoma kwa hasira, kama mtu anayepekua mfuko wa mwizi. Zilisema kwamba mahali pasipo na baridi kali, ambapo mwaka mbaya haujulikani, ndege yule yule anafukia njugu nyingi vile vile. Kwa hiyo hoja ya mama yule haitoshi.

Mwandishi hamuungi mkono. Anamtilia shaka. Jibu la tano.

Hima alibonyeza la tano na meno yameumana. Kifungu cha mwisho alikijibu nusu, kwa kubahatisha, mpaka kioo kikajifunga chenyewe.

Alimkuta Raghu kwenye ngazi, anakunywa maji ya chupa, uso unang'aa.

"Umeona?" Raghu akasema. "Ndege wetu huyo! Nilikwambia—"

"Usiniite tena mdogo wako."

"Nini?"

"Umenilisha uongo, kaka. Jibu la tatu! Ulifikiri sitasoma? Ulifikiri mimi mbuzi, nikirushiwa jani nakula tu?"

Raghu alishusha chupa. "Uongo gani? Bindu, nimebonyeza hilo hilo la tatu."

"Nenda kamwambie mjinga mwenzako."

Watu walikuwa wanatazama. Raghu alikizungusha kifuniko cha chupa. Hakuwa na hasira, na hilo lilimzidishia Hima hasira yake.

Mchana Madam aliwaita ndani. Hakubandika alama kwanza. Alikitupia kile kifungu ukutani kwa mashine, kikubwa, kila mtu akione.

"Waliochagua la tatu, mikono juu."

Watu wakatazama kibodi zao.

"Sitamla mtu. Juu!"

Mkono mmoja, halafu mitatu, halafu msitu mzima. Katika safu ya mbele, polepole, ukapanda na mkono wa Raghuveer.

Hima aliutazama mkono ule. Ulikuwa na wino kwenye kidole gumba.

"Nilisikia mnakula makombo," Madam alisema. "Nikaona nipike upya. Mwanzo niliuacha kama ulivyokuwa, mwisho nikaandika mwenyewe. Wote mliokariri mmekula upepo. Nani amechagua la tano? Wewe? Simama. Huyu ndiye aliyesoma. Jina lako nani?"

"Himabindu, Madam."

"Mpigieni makofi."

Walipiga. Alama zilipobandikwa, Hima alikuwa mbele ya Raghu kwa nafasi nyembamba kabisa, nyembamba kiasi kwamba bila ndege yule ingekuwa kinyume.

Baba mkubwa alikuwa anangoja chini, taulo begani, amesimama juani kwa sababu kivuli kilikuwa mbele ya duka na hakutaka mwenye duka adhani anataka kununua.

"Nani?" akauliza.

"Bindu, baba," Raghu akasema, kabla Hima hajafumbua mdomo.

Mzee alimtazama mwanawe. Akajifuta uso wote kwa taulo, akakawia nalo usoni kuliko jasho lilivyodai. Alipolishusha, sauti yake ilikuwa ile ile.

"Basi. Jumatatu tunakwenda benki. Nakunywa chai, halafu basi la Miryalaguda. Raghu, vitu vyako vimefungwa?"

"Bado."

"Kafunge."

Mzee alivuka barabara kwenda kwenye chai. Wakabaki wawili, na pikipiki zikiwapigia honi kwa kuziba njia.

"Kaka," Hima akaanza.

"Ngoja, nikuulize kitu kimoja." Raghu hakuwa anamtazama, alikuwa anasoma tangazo ukutani, moja kati ya mia, lenye sura za vijana waliofaulu. "Kile kifungu ulikisoma mpaka mwisho. Muda ulikuwa huna. Kila mtu alibonyeza. Wewe ulisoma kwa sababu Madam alitufundisha tusome, au kwa sababu mimi ndiye niliyekupa jibu?"

Angeweza kumdanganya. Jibu la Madam lilikuwa tayari, safi, na lisingemwumiza mtu.

"Kwa sababu ni wewe uliyenipa," Hima akasema.

Raghu aliitikia kwa kichwa mara mbili. Kisha akakata kona kuelekea bweni la wavulana, akafunge vitu vyake, na Hima akavuka barabara kwenda kukaa na baba mkubwa, ambaye alikuwa ameagiza chai tatu.