Uso wa Mzee wa Simu

Siku hizi Ngamiani, hapa Tanga, mtu akishtuka hasemi kitu. Anabandika kiganja sikioni, anaacha mdomo wazi, na wote mmeelewana. Umeme umekatika mechi ikiwa dakika ya themanini, kiganja sikioni. Mposaji katajiwa mahari, kiganja sikioni. Watoto wa chuoni wanamfanyia mwalimu akigeuka, na mwalimu mwenyewe, nasikia, aliwahi kumfanyia mkewe. Ukiwauliza wameitoa wapi, watakwambia kwenye simu. Hakuna anayejisumbua kuuliza kabla ya hapo ilikuwa wapi.

Ilikuwa usoni kwa Kurbanali, mzee wa miaka sabini na moja anayeuza vipuri vya baiskeli katika duka aliloachiwa na baba yake. Na kwa jinsi mji huu unavyopenda baiskeli, ni wachache ambao hawajawahi kusimama mbele ya kaunta yake. Hata hivyo aliyeipiga picha hakuwa mtu wa Ngamiani. Alikuwa muuza machungwa wa Muheza aliyekuja kutafuta tairi. Alitaka kumtumia nduguye picha ya matairi yaliyoning'inia ili amchagulie, na mzee akaingia humo humo, simu sikioni, mdomo wazi. Nduguye akacheka, akaisambaza. Mtu wa Korogwe akaandika juu yake, "Ukitajiwa bei ya mchele." Wa Dodoma akafuta mchele, akaweka ada ya shule. Wa Mombasa akaweka mapenzi, maana wao kila kitu lazima kiishie huko. Mwingine asiyejulikana akamkata mzee na kumtoa dukani kabisa, akabaki kichwa, mkono na simu, akawa stika. Baada ya miezi minne picha ikarudi Ngamiani imeshatembea kuliko mwenyewe alivyowahi kutembea, ikiitwa Mzee wa Simu.

Aliyemwonyesha ni Yasini, fundi wa ng'ambo ya barabara. Kurbanali aliisogeza simu karibu na macho.

"Shati hilo ninalo bado," akasema.

Yasini alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakumwambia ni nani aliyekuwa upande wa pili wa ile simu.

Alikuwa Nilofer, bintiye wa pekee, akipiga saa nne na dakika kumi asubuhi kutoka hospitali Dar es Salaam kumwambia kwamba mama yake, Rehmatbai, mke wa mzee, amekata roho dakika tano zilizopita. Daktari alikuwa amesema mgonjwa angetoka Jumamosi, na Kurbanali alikuwa ameshakata tikiti ya basi la Ijumaa akamchukue. Siku ile ilikuwa Jumatano. Alifungua duka kwa sababu Jumatano zote za miaka arobaini na moja alifungua duka.

Na hapo ndipo lilipo donda. Wakati Nilofer anatamka maneno yale, muuza machungwa alikuwa anauliza saizi ya tairi, na mdomo wa Kurbanali ukajibu wenyewe: "Ishirini na nane." Binti akasikia. Alimleta mama yake kuzikwa Tanga, akakaa siku tatu, hakumwona baba yake akidondosha hata chozi moja, na siku ya kuondoka akamwambia mlangoni, "Mama anakufa, wewe unauza tairi." Ni kweli mzee alilifunga tairi kwa kamba, akamkabidhi mteja, ndipo akakaa chini. Tangu hapo Nilofer alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, dakika mbili. Umekula? Dawa umemeza? Haya, Baba.

Kwa hiyo alikuwa mpweke, tuseme wazi. Juu ya duka kulikuwa na vyumba vinne na mtu mmoja, na jioni alizoea kubishana na redio. Mtu wa namna hiyo wageni wakimjia hawafukuzi. Walikuja wawili wawili, wanafunzi, madereva, maharusi na wapambe wao. "Shikamoo babu, hebu tufanyie." Akawafanyia. Wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao, wala hakuna aliyevuta kiti. Mji mzima uliujua uso wake, na hakukuwa na mmoja wao aliyejua kwamba hata chai hakuwa akijua kuichemsha mpaka alipofiwa.

Kisha jirani yake Bi Ghanima akamwoza bintiye Rahaf. Alasiri, muziki ulipokolea, vijana wakapanga mistari uani: kiganja sikioni, mdomo wazi, hatua mbili kushoto, mbili kulia. Mtindo mpya, wanasema. Kurbanali alikuwa kwenye kiti na sahani yake ya pilau. Akaitazama ile saa aliyofiwa ikichezwa na watu sitini. Wakaja kumvuta mkono, wakamweka katikati, naye akainua kiganja akacheza nao. Alijichukia kwa kila hatua, na hakuacha kucheza.

Video ilifika Dar es Salaam kabla sahani hazijaoshwa. Jumatatu asubuhi, siku isiyo yake, Nilofer akatuma ujumbe wa sauti. "Baba, wewe unacheza? Hapa ofisini stika yako wanaitumia kila siku, nami nimekaa kimya, sikutaka wajue ni babangu. Leo nimewaambia." Kisha akacheka. Kilikuwa kicheko cha Rehmatbai, kile kinachoanzia puani. Kurbanali alikisikiliza mara sita kauntani, akasahau kutundika pampu za kuuza.

Wakaandikiana. Alimsimulia habari za wageni, naye akazidi kucheka. Ilipokaribia saa nne ikaingia picha, ile yenyewe, haijakatwa, matairi yote yakionekana. Chini yake Nilofer aliandika, "Rafiki yangu kaipata nzima. Hapo ulikuwa unaongea na nani?"

Kurbanali aliikuza kwa vidole viwili. Juu ya matairi, ukutani, ilikuwepo saa yake ya duka. Akaandika, "Mteja." Neno fupi, lisilo na madhara. Akilituma, kicheko kitaendelea, na pengine kesho tena atapigiwa, na Jumatano. Akimwambia kweli, huenda akarudi kwenye zile dakika mbili za Ijumaa, au akazikosa nazo. Aliogopa. Lakini huyu mtoto aliamini kwamba baba yake hakuwa na uso wa msiba siku ile. Nchi nzima ilikuwa nao, isipokuwa yeye.

Alifuta. Akaandika, "Angalia saa ya ukutani." Akatuma.

Alama zikageuka buluu. Wasichana wawili walikuwa wamesimama kauntani, mmoja ana mkoba wa chuo cha ualimu.

"Shikamoo babu. Tumetoka Pongwe kwa ajili yako tu. Mara moja, tunaondoka."

"Marahaba," akasema, bila kuwatazama.

Simu ikaita. Aliiweka sikioni. Kwanza alisikia kilio tu, na pumzi zikikatika.

"Saa nne na dakika kumi," Nilofer akasema. "Baba, mimi uso wako sikuuona. Nilisikia tairi tu."

Mdomo wa Kurbanali ulifunguka wenyewe, na macho yakamtoka. Wasichana walishangilia, wakainua simu zao.

"Nimefunga," akawaambia.

"Babu, saa hizi?"

"Nimefunga, wanangu. Nendeni."

Akatoka kauntani na simu ikiwa bado sikioni, akavuta milango yote miwili na kutia komeo, huku baiskeli ya mteja iko nje imeegemea ukuta. Ndani mlibaki giza na harufu ya mpira. Akakaa sakafuni, chini ya matairi.

"Nimefunga duka, mwanangu," akasema. "Sasa niambie upya. Mama yako kafanya nini?"