Maji Hayakuonekana

...na huyu fundi mkuu anacheka, meno yote nje, shimo la choo cha walinzi, anasema, pale pale kwenye kiwanja cha shule, wamechimba juzi baada ya mvua mbili tu, hawajafika kiunoni maji yakajaa, "Tukachota kwa ndoo, bosi, choo kimegeuka kisima!", na Mkurugenzi naye anacheka huku amenyoosha kalamu kwangu niweke sahihi, ramani yangu ya hatari ya tetemeko imetandazwa mezani, pembe zake zimekandamizwa kwa vikombe vya chai, natamani nichukue kikombe kimoja nikivunjie kwenye hayo meno, mpaka kicheko kitoke na damu, kiunoni, amesema kiunoni, na mimi hapa kwenye shimo la kupimia udongo, namba saba, nimeandika kwa mkono wangu, mchanga mlegevu, maji hayakuonekana hadi mita tisa, na kwa sababu ya hizo mita tisa nikapapaka kijani, kijani maana yake jengeni, madarasa kumi na mawili, watoto mia nne, "Binti yangu, wino utakauka," Mkurugenzi huyo, binti yangu, binti yangu, tangu siku ya kwanza, nani alinikimbiza kama si yeye, maliza, wizara inasubiri, maliza, ningeishika hiyo tai nikaikaza mpaka macho yamtoke... mchanga mkavu hauna neno, tetemeko likija unatikisika unatulia, lakini huo huo ukishiba maji, mashapo ya juzi yaliyomwagwa na mto uliohama, hayajapata muda wa kushikamana, ukiyatikisa yanageuka uji na nyumba inazama, hilo sikulisoma chuoni, nilikuwa na miaka minane, uani kwetu, ardhi ilipiga teke, si kutikisika, teke, nikaanguka kifudifudi, kuinuka namwona kaka amekuwa mfupi, ndivyo nilivyofikiri, mbona kaka amekuwa mfupi, kumbe ardhi imemmeza hadi mapajani na mchanga unatapika maji pande zote, "Nishike, mdogo wangu, nishike!", nikamshika, na miguu yangu nayo ikaanza kwenda, tope la baridi magotini, nikavuta mkono, hakuachia, nikamuuma, nilimuuma kaka yangu kidole mpaka meno yakagonga mfupa, ndipo akaniachia, baba mdogo akaja mbio na jembe amchimbue, jembe la kwanza likapiga tope, la pili likamtua kaka begani, akalia kama mbuzi, kisha ukuta wa jiko ukamlalia na sauti ikakatika...

"Au mtaalamu ana swali?" fundi huyo, anapuliza chai yake, mtaalamu, ndiyo, mtaalamu ana swali, nani huenda kupima mchanga wa mtoni katikati ya kiangazi, wakati hata kuku anajua mvua zikija maji ya chini hupanda, mimi mwenyewe huwafokea wanafunzi, andikeni maji ya masika, la sivyo mtazika watu, na siku ile ya kupima shimo namba saba, nyundo ya kupimia ugumu wa ardhi ilidondoka, nikahesabu, mapigo matano tu chuma kikazama futi nzima, mpiga nyundo akanitazama, "Dada, huu ni unga, turudi masika tuone maji yako wapi," nikamkata kauli, lori la kuchimbia litakwama, tani kumi, utalisukuma wewe? na kila aliyeniuliza nimemjibu lori, Mkurugenzi lori, mume wangu lori, mpaka nikaliamini, lakini lori la nini, shimo lilikwishachimbwa, bomba tuliliacha mle ndani, kwenda kupima maji hakutaki lori, kunataka kamba yenye kipande cha chuma na mtu mmoja wa kuvua viatu, akanyage lile tope, limshike vifundo vya miguu, na mtu huyo alikuwa mimi, na sikuthubutu, miaka ishirini na saba sijakanyaga ardhi iliyolowa, najua kila njia ya saruji katika mji huu, kazi zangu zote nimezipanga kiangazi na wenzangu wananisifu eti najua kupanga, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sawa, ashtuke, lakini asimfiche nyoka kwenye vitanda vya wenzake, na huyu mzee, Mkurugenzi, nilitaka kumnyonga, masikini ya Mungu, kosa lake ni kuniamini, "Mama, uko salama?" ananiuliza, sauti ya chini, na kalamu bado iko mbele yangu, hasira yote niliyokuwa nayo haina pa kwenda isipokuwa hapa kifuani, inanipiga, na inipige, hakuna aliyenisukuma, hapakuwa na tetemeko, sikuwa mtoto, niliogopa kulowa miguu, nikawachagulia watoto wa watu mahali pa kufia.