Miaka Mitano ya Uongo

Wakili wa Aristote hakuwa na haraka. Alitoa kadi ya kura kwenye bahasha, akaishika kwa vidole viwili, akawaonyesha majaji, kisha akawageukia watu waliojazana madirishani. Fifi, alisema, alizaliwa mwaka elfu mbili na nne, na ni serikali yenyewe iliyoandika hivyo. Basi huyu aliyeketi hapa si mtoto. Ni mwanamke mzima, aliyeingia kwa miguu yake katika nyumba ya Aristote, mnunuzi wa dhahabu, na leo anataka kujificha nyuma ya sheria ya watoto.

Nje mtu alicheka. "Mwanamke muzima," alisema, na wenzake wakacheka naye.

Nabintu, mama yake Fifi, alikuwa amebanwa kwenye dawati la wanafunzi, maana mahakama ilikuwa imesafiri kutoka Kasongo na hapa Kabambare haikupata pa kukaa ila darasa la shule. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Lakini ilipanda ikakwama, haijui imrukie nani, kwa kuwa kadi ile aliitafuta yeye mwenyewe.

Mwaka wa kuandikisha wapiga kura, Fifi alikuwa hajatimiza kumi na minne, ila alikuwa mrefu kumpita mama yake. Nabintu alichuuza chumvi na samaki wakavu kwenye migodi ya Salamabila, na binti alimsaidia kubeba. Kila walipofika kwenye kizuizi cha barabarani, askari walimshusha msichana asiye na kadi ya kura, ambayo huko ndiyo kitambulisho, kutoka kwenye pikipiki, wakamkalisha kando mpaka ajulikane ni nani. Macho yao hayakuwa ya watu wanaotafuta jina. Basi Nabintu alimpeleka kuandikishwa, akamwongezea miaka mitano, na Mzee Iliasi, mkubwa wa mtaa wao, akatia sahihi kama shahidi. Tangu hapo njia nzima ilikuwa somo.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na ine."

"Tena."

Alimfundisha mwaka ule kwa bidii kuliko alivyomfundisha sala. Ndiyo maana, baada ya Aristote kumtendea alichomtendea, polisi alipomwuliza mtoto umri wake, Fifi alijibu alivyofundishwa, kama aliyesimama mbele ya kizuizi. Polisi akaandika. Akaomba na kadi.

Majaji walipotoka kupumzika, Maître Émérance, wakili kijana aliyekuja na mahakama kumtetea Fifi, alimvuta Nabintu chini ya upenu wa darasa. Alikuwa na hasira pia, ila yake ilisoma vitabu. Alimweleza kwamba sheria waliyoiacha Wabelgiji ilimhesabu mtu kuwa mtoto mpaka miaka kumi na minne tu. Aliyepita hapo alitakiwa athibitishe kwamba alilazimishwa, aseme alipiga kelele kiasi gani, na kwa nini hakukimbia. Wabelgiji waliondoka, sheria yao ikabaki imekaa kwenye kiti zaidi ya miaka arobaini. Ilihitaji vita, na wanawake wasiohesabika kusema hadharani mambo ambayo mtu hapendi kuyasema hata chumbani, ndipo mwaka elfu mbili na sita ikabadilishwa. Sasa aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto. Akubali asikubali, aliyemgusa amembaka. Na mapatano ya familia hayaizimi kesi.

Sheria ile ya zamani Nabintu hakuhitaji kusomewa. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, kule kwao Bushi, jirani alimtendea hayohayo. Baba yake alimpeleka kituoni. Mkubwa wa kituo aliuliza umri, akafunga daftari. Kumi na minne imepita, alisema, nendeni mkaelewane. Wakaletwa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa siku ileile, na aliyetumwa kuchota maji ya kumpikia ni Nabintu.

Mwaka mmoja tu ulimtoa nje ya sheria. Leo sheria imenyanyuka mpaka kumi na minane, na yeye, kwa mkono wake, amemrusha mwanawe juu yake.

"Hakuna karatasi nyingine?" aliuliza Émérance. Isipokuwepo, alisema, majaji watamtuma daktari amkague mtoto, meno na mifupa, ili wapate umri.

Nabintu alifungua fundo la kitenge chake. Ndani ya mfuko wa plastiki ilikuwamo kadi ya kilo, ile ya kupimia watoto wachanga, yenye muhuri wa kituo cha afya na mwezi aliozaliwa Fifi: Agosti elfu mbili na tisa. Alikuwa ametoka nayo Salamabila bila kumwambia mtu.

Émérance aliitazama, na sauti ikamshuka. "Mama, sitakudanganya. Hii inamuokoa Fifi, lakini inakushitaki wewe. Kudanganya kwenye kuandikisha kuko jela. Siwezi kukuahidi kitu."

Kabla hajajibu, Mzee Iliasi alikuwa amesogea, kofia mkononi. Ndugu za Aristote walikuwa wamemtuma.

"Mama Fifi, njia ya mwongo ni fupi. Ukifungua kinywa tunaingia wote wawili, na ule mutoto wako mudogo, anayemufuata Fifi, atabaki na nani? Hawa watu iko tayari kuelewana. Wataleta mbuzi, kesi ifie hapa."

"Mbuzi wangapi?"

Iliasi alipumua, akidhani soko limefunguliwa. "Wane."

"Kumbe bei imepanda," alisema Nabintu, akampita, akaingia darasani.

Hakungoja kuitwa. Majaji walikuwa bado wanaketi alipoweka kadi ya kilo juu ya meza. Alisema mwaka ulio kwenye kadi ya kura ni uongo, na mwongo ni yeye. Alisema ni kwa nini: askari, barabara, macho yao. Alisema mtoto alifundishwa kama kasuku. Na daktari asiletwe, maana mwili ule umekaguliwa vya kutosha. Wakili wa Aristote alisimama kupinga, akaambiwa akae.

"Mama," alisema prezida wa mahakama, jaji aliyeketi katikati, "unajua haya yanaweza kukufunga?"

"Najua, Bwana Prezida. Kila mutu hapa ashitakiwe kwa alichofanya. Mimi kwa kadi, yeye kwa mutoto."

Aristote, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipangusa viatu vyake, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Prezida aliisoma kadi ya kilo pande zote mbili, akaipitisha kwa wenzake. Kisha akamwita Fifi, akamwuliza polepole alizaliwa mwaka gani. Msichana akamtazama mama yake. Nabintu akatikisa kichwa kukubali, na machozi aliyoyakataza tangu asubuhi yakamtoka.

"Elfu mbili na tisa," alisema Fifi.

Prezida akaamuru watu watoke na madirisha yafungwe, kwa kuwa anayesikilizwa ni mtoto. Karani alifunga moja baada ya jingine, na lile la aliyekuwa akicheka pia. Iliasi hakuonekana tena. Karani akarudi mezani, akafungua ukurasa mpya, wa kesi ya kadi, akamwuliza Nabintu majina yake yote.

Nabintu aliyataja moja moja, taratibu, ili asiyakosee.